Barua kwa mwanangu: usingoje moyo usafike

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Huku hatujambo. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema ulipotuma mchango wa ada ya chuo ya mtoto wa baba yako mdogo, mhazini alikutaja kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, ukasikia raha mpaka ukajishtukia. Mwezi uliofuata akasahau kukutaja, ukanuna siku mbili. Sasa unauliza: kwa kuwa umeanza kukaa tafakuri, na umesikia kwamba Buddha aliiita nia ndiyo karma yenyewe, yaani tendo linalomrudia mtendaji, si afadhali uache kutoa mpaka moyo usafike?

Usiache.

Unajua haya mimi nilijifunzia jikoni. Nilipika miaka tisa kwa ile familia ya Wasri Lanka, Wabuddha, hapa mjini, na bibi wa nyumba ile kila mwezi mpevu, siku waliyoiita Poya, alivaa nguo nyeupe, mchana ukishapinduka hali chakula tena, akakaa karibu yangu akinisimulia huku namenya vitunguu. Neno lao la nia njema, kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, ni kusala. Mara ya kwanza nilidhani ananihimiza nikasali! Akacheka, akasema maana yake ni wema wenye ustadi ndani yake, kama mkono wa fundi uliozoea kazi: nia isiyosukumwa na tamaa, chuki wala ujinga. Sasa niambie, ni fundi gani alipata ustadi kwa kukaa na mikono mfukoni?

Siku nyingine alinihesabia kwa vidole sababu nane za watu kutoa, kama Buddha alivyozitaja. Nyingi nilizitambua papo hapo. Yupo anayetoa kwa woga. Yupo anayetoa kwa kuwa naye alipewa, na anayetoa ili kesho arudishiwe (hapo nikazikumbuka kadi zetu za michango ya harusi). Yupo anayetoa ili jina lake livume. Umo, mwanangu! Wa nane ni anayetoa ili kuupamba moyo wake na kuutegemeza. Nilichokipenda ni kwamba kutoa kwa wote hao kumeitwa kutoa, hata kwa yule anayetafuta jina. Safari yako ni kutoka kwake kwenda kwa yule wa nane, nawe ukiacha kutoa hutaianza.

Rahula, mtoto wa Buddha mwenyewe, aliingia utawani angali mdogo. Baba yake akamuuliza, kioo ni cha nini? Cha kujitazamia, akajibu. Basi akamwambia ajitazame hivyo kabla ya kutenda, anapotenda, na akishatenda, akijiuliza: jambo hili litaniumiza mimi, au wengine, au sote? Hakumwambia asubiri mpaka moyo utakate kabisa, maana Rahula angezeeka hajatenda kitu. Ada ya yule kijana inamuumiza nani? Kwa hiyo kabla hujabonyeza kutuma, vuta pumzi tatu, umwone kijana na overoli yake yenye mafuta, umtakie afike. Halafu tuma, na kundi usilifungue mpaka jioni. Ukijikuta umenuna, usijitukane. Sema tu, "huku ni kutaka jina," uendelee na kazi zako.

Langu lilikuwa zito kuliko lako. Unamkumbuka jirani wa kihamba cha bibi yako, aliyesogeza masale, ile mimea yetu ya mpaka, hatua mbili upande wetu? Alipokuja na jani la isale kuomba msamaha nililipokea, maana kwetu isale halikataliwi. Mkono ukasamehe, lakini usiku nilimtukana kimoyomoyo, tena kwa Kichaga. Yule bibi wa Sri Lanka akanipa mfano wa Buddha wa fundi seremala, anayeng'oa kigingi kinene kwa kukigonga na kigingi chembamba. Kigingi changu kikawa kumtakia heri kila alfajiri: awe salama, asiumwe, migomba yake izae. Miezi ya kwanza nilikuwa naongopa. Nilisema izae huku natamani iliwe yote na fukusi. Utaniita mnafiki? Mnafiki hutafuta wa kumdanganya, na mimi nilikuwa peke yangu gizani, baba yako anakoroma.

Siku ilipogeuka siijui. Nakumbuka tu asubuhi moja tulikutana njiani akikohoa vibaya, nikajikuta nimeshamwambia apitie nyumbani achukue asali, kabla sijaukumbuka mpaka. Masale yenyewe bado yako pale alipoyasogeza, na kusema kweli siku nyingine nikiyaona damu huchemka kidogo. Basi naanza tena.

Kuhusu wazo lako la kutoa kwa siri, jaribu mwezi mmoja ukipenda, ila mhazini usimfiche, atashindwa kufunga hesabu.

Chuo kinafunguliwa wiki ijayo, kwa hiyo tuma mapema. Nimekupakilia mikungu miwili ya ndizi mshare kwenye basi la kesho asubuhi. Kaipokee stendi ya Magufuli. Mmoja ni wako. Mwingine mpelekee mama mwenye nyumba wako, yule usiyempenda.

Mama yako