Matufaha ya Kupika: Yapi ya Kuponda, Yapi ya Kuoka

Ukitaka vipande ukapata uji, usiulaumu moto. Mara nyingi kosa liko kwenye aina ya tunda. Granny Smith, yale ya kijani yenye ukali, hubaki na umbo lake hata baada ya dakika 40 kwenye oveni. McIntosh na Bramley huvurugika upesi, kwa hiyo ni ya kuponda. Red Delicious kula mabichi. Yakipikwa hupooza ladha, hata uongeze mdalasini kiasi gani.

Tuanze na rojo, maana ndilo rahisi na ndilo linaloharibiwa zaidi. Menya kilo 1 ya matufaha, toa viini, kata vipande vinavyolingana, la sivyo vidogo vitaungua vikubwa vikiwa bado vigumu. Tia maji nusu kikombe, kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau na kijiti cha mdalasini. Funika, pika kwa moto mdogo dakika 20 hivi, ukikoroga mara kwa mara. Mwanzoni sufuria huonekana kavu na mkono huwasha kuongeza maji. Vumilia, tunda lenyewe litatoa maji yake.

Sukari huja mwisho. Ikitangulia, vipande hukaza na kukataa kupondeka. Tena utamu halisi wa tunda huujui mpaka liive. Anza na vijiko 2 vya chakula, onja, ndipo uongeze. Rojo likiwa jepesi, funua na ulichemshe dakika chache zaidi, ila tumia mwiko mrefu: likishakuwa zito hurusha matone ya moto yanayounguza kweli. Kwenye friji hukaa karibu wiki moja.

Ya kuoka mazima yanataka matufaha 4 makubwa, magumu. Toboa kutokea juu utoe kiini, lakini usifike chini kabisa; bakiza kama sentimita 1 ili siagi isivuje. Kisha kwa ncha ya kisu chora mstari kuzunguka kiuno cha tunda, ukikata ganda tu. Usipofanya hivyo, mvuke utajitafutia njia na tunda litapasuka ovyo. Jaza sukari ya kahawia, zabibu kavu na mdalasini, juu weka kipande cha siagi. Mimina maji kidogo kwenye trei, oka kwa nyuzi 180 za Selsiasi dakika 40 hadi 45. Kuanzia dakika ya 35, chomeka kisu ukague, kwani kutoka kuiva hadi kubomoka ni muda mfupi tu.

Kwa matufaha yenye chenga juu, sugua unga wa ngano gramu 150, siagi baridi 100 na sukari 75 kwa ncha za vidole. Siagi ikiyeyuka utapata donge, si chenga. Rudisha bakuli kwenye friji kwanza. Nyunyiza juu ya gramu 800 za vipande bila kushindilia, oka kwa joto lilelile mpaka mchuzi utokote pembeni.

Yaliyobaki kausha: vipande vya milimita 3, nyuzi 100, saa 2 au zaidi, ukivigeuza katikati. Vikiwa moto hudanganya kwa ulaini. Toa kimoja, kiache kipoe, ndipo ujaribu kukivunja.