Muulize Daktari: Maji nakunywa mengi, mbona misuli inabana?

SWALI: Shikamoo dokta. Mi nafanya vibarua mashamba ya zabibu huku Hombolo, jua la Dodoma unalijua, yani nakunywa maji mpaka tumbo linacheza ila jioni kichwa kinagonga na miguu inakaza misuli. Wenzangu wanasema nitie chumvi kwenye maji. Alafu mama alipolazwa kwa kuharisha nesi alisema dripu ni maji ya chumvi, kwanini wasimwekee maji safi tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na dripu. Maji mwilini yanafuata chumvi, yanapenya utando wa seli kwenda upande ule chumvi ilikozidi, na huko kuvutwa ndo wanaita presha ya osmosisi (sio ile presha ya kupimwa mkononi, hiyo ni habari nyingine kabisa). We mtu wa zabibu bwana, loweka zabibu kavu asubuhi uone jioni ilivyovimba. Chembe nyekundu za damu nazo zikikutana na maji matupu zinanyonya hivyohivyo mpaka zinapasuka, ndo maana dripu ile ina gramu 9 za chumvi kwa lita, inaendana na damu.

Sasa wewe. Jasho linatoka na chumvi, si unaona shati jeusi likikauka linabaki na michirizi meupe? Ukifidia kwa maji tu tena kwa fujo, sodiamu ya kwenye damu (ndo sehemu ya ile chumvi) inashuka, kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita, na figo hata zikijitahidi vipi zinatoa maji kama lita moja tu kwa saa. Ikishuka sana seli za ubongo zinavimba na fuvu halitanuki, hapo mtu anaumwa kichwa, anatapika, anaanza kuongea vitu havieleweki. Sisemi wewe umefika huko, kichwa cha jioni kinaweza kuwa jua tu au hata malaria, kapime.

Chumvi ya kukadiria kwa macho usitie, ikizidi inanyonya maji kutoka kwenye seli na kiu inakuwa kali zaidi. Kunywa kidogokidogo kwa kufuata kiu, pumzika kivulini, mchana ule ugali wako na mlenda wenye chumvi ya kawaida, inatosha. Ukiharisha ndo utumie ORS (ile dawa ya unga ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji), pakiti ya lita moja kwenye lita moja kamili, na sukari iliyomo humo sio ya utamu, inasaidia utumbo kuvuta sodiamu na maji yanafuata.

Ukiona mwenzako shambani anatapika na kuongea hovyo, usimlazimishe maji, mpelekeni hospitali muda huohuo.