Regulus Inaimeza Galaksi Yangu

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Chama chetu kimeruhusiwa kutumia darubini yenye kioo cha sentimita 60 na fokasi ya milimita 2400. Kamera yetu ina sensa ya milimita 36 kwa 24. Nimepiga galaksi kibete Leo I, picha za dakika tano tano, nikaambulia ukungu mweupe upande mmoja na mstari unaokatiza galaksi. Je, niende dakika kumi? – Mkesha Usiku

JIBU: Marahaba. Dakika kumi zitakuongezea ukungu tu. Kinachokusumbua ni jirani, nyota kali Regulus. Yenyewe iko umbali wa miaka ya nuru 79, Leo I kama 820,000, lakini ukizitazama kutoka huku chini zimeachana theluthi moja tu ya digrii, chini ya upana wa Mwezi. Ndiyo maana galaksi yenyewe haikujulikana hadi 1950, wanaastronomia Harrington na Wilson walipoibaini kwenye mabamba ya picha yaliyopigwa katika kituo cha Palomar, California.

Sasa tupige hesabu. Digrii ina dakika 60 (za pembe, si za saa), na kwa vifaa vyako picha moja inafunika dakika 51 kwa 34 hivi. Leo I iko karibu kaskazini kabisa mwa Regulus, dakika 20. Ukiiweka galaksi katikati na upande mrefu wa sensa ukaelekea kaskazini, Regulus imo ndani ya picha. Zungusha kamera nyuzi 90, upande mrefu ulale mashariki-magharibi, na nyota iko nje. Kwa bahati, galaksi nayo imelala vivyo hivyo. Kisha sogeza darubini kaskazini dakika tano za pembe. Galaksi isipokaa katikati, hakuna atakayekudai.

Mstari ni kesi nyingine. Unatokana na vyuma vyembamba vinavyoshikilia kioo kidogo mdomoni mwa bomba: mwanga wa nyota kali hupinda kwenye kingo zake na kuchora msalaba. Vyuma hivyo vikielekea kaskazini-kusini na mashariki-magharibi, mkono mmoja wa msalaba unapita juu ya Leo I, hata Regulus ikiwa nje ya picha. Hapo kuzungusha kamera hakusaidii. Ni bomba lenyewe lizungushwe nyuzi 45 ndani ya pete zake, na kazi hiyo mwachie fundi wa darubini, tafadhali.

Piga picha nyingi za dakika moja au mbili, uzipandanishe kwenye kompyuta. Epuka usiku wenye Mwezi, kwani Regulus iko kando kabisa ya njia yake na kila mwezi hupita jirani. Halafu jihadhari na programu ya kuondoa ukungu wa nyuma. Hata katikati, mwanga wa Leo I hauuzidi ule wa anga jeusi lenyewe, kwa hiyo programu ukiiacha ijiamulie, itaifuta galaksi ikidhani ni uchafu. Nimeona picha nzuri zikifa hivyo. Weka alama za kupimia anga kwa mkono wako, mbali na galaksi.

Hewa ikitulia, kioo cha ukubwa huo kitaanza kulichambua doa likawa punje punje: nyota kubwa nyekundu za Leo I, daraja la mng'ao la 19 na 20 (namba ikikua, nyota ni hafifu zaidi). Mawingu ya waridi usiyatafute, gesi yake ilikwisha zamani.