Tiba ya Mwanangu Ilianza Upya Bibi Yake Alipoitwa

Mtaalamu wa kwanza wa usemi tuliyemwendea alituambia tuache Kiswahili. Mwanangu mwenye usonji (autism) alikuwa na miaka minne, maneno yake hayazidi kumi, nikaelezwa kwamba lugha mbili zinamchanganya: asemeshwe Kiingereza tu. Nikatii. Kwetu Majengo, Pumwani, jijini Nairobi, tunaishi na mama yangu, na yeye Kiingereza hakijui. Miezi mitano bibi na mjukuu walikaa chumba kimoja kama wageni, mama akiogopa hata kusema "njoo ule" asije akaharibu tiba tunayoilipia.

Mzazi mwenzangu, usikubali. Watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili wamechunguzwa, na haijaonekana kwamba lugha ya pili inawachelewesha. Mwanangu alicheleweshwa na kimya cha bibi yake.

Mtaalamu tuliye naye sasa alianza kwa kuuliza mtoto anashinda na nani, kisha akaomba mama aje. Kadi zake za picha zilikuwa na theluji na vitu ambavyo mwanangu hajawahi kuviona. Akaziweka kando, tukapiga picha za vyetu kwa simu: sufuria, kanzu ya Ijumaa, matatu, mbuzi ya kukunia nazi. Neno la kwanza alilolitamka bila kuombwa lilikuwa "nazi", akimnyooshea kidole bibi yake aliyekalia mbuzi.

Mazoezi ya vidole nayo yalihamia jikoni. Zamani alilazimishwa kushika uma, na sisi ugali tunaula kwa mkono. Mama alimpa tonge lililopoa, akamwonyesha kulifinya, kuliviringisha kiganjani, na kulibonyeza kwa dole gumba ili lichote mchuzi. Unata ulimkera, akajifuta kwenye suruali akilia. Mama hakumshurutisha, akamwanzishia unga mkavu kwenye sinia. Ilichukua wiki nyingi.

Kuna pia suala la macho. Ukiambiwa lengo ni mtoto akukazie macho, uliza kwa nini. Kwetu mtoto huinamisha macho mbele ya mkubwa, na wenye usonji wengi wakishakua husema kutazamana kunawaumiza. Sisi tuliomba lengo hilo lifutwe, likafutwa.

Mama humsomea dua kila usiku, na mtaalamu hana neno. Ila aliyetaka kumchapa ili jini limtoke nilimtoa mlangoni. Hapo sina heshima ya ukubwa.

Kama hujui pa kuanzia, KISE, taasisi ya Kenya ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi, ina kituo cha tathmini, na vipo vituo vya serikali vya tathmini ya elimu, EARC. Ulizia kilicho karibu nawe. Nenda na video fupi ya mtoto akicheza nyumbani, maana ugenini hujikunja. Na nenda na anayeshinda naye, hata kama ni dada wa kazi, umwombee kiti ndani ya chumba cha tiba. Mama yangu alikaa kwenye benchi la nje miezi yote ile mitano.