Maswali ya Wasomaji: Miaka Miwili Inayohesabiwa Kuanzia Wapi?

SWALI: Ndugu Mshauri, salamu. Mimi ni mtaalamu wa programu za kompyuta, nina umri wa miaka 36, sina mke wala mtoto, na kazi yangu naweza kuifanya nikiwa popote penye intaneti. Natafuta uraia wa pili kwa njia halali na kwa muda mfupi kadiri inavyowezekana. Wakala mmoja amenieleza kwamba Argentina humpa uraia mgeni aliyekaa miaka miwili tu, na kwamba si lazima niishi huko muda wote huo: nikishapata kibali cha ukaazi, itatosha niingie nchini mara mbili kwa mwaka, kisha muda ukitimia nikachukue pasipoti. Je, haya ni kweli? Na kama si kweli, ni wapi kwingine ambako njia ni fupi?

JIBU: Ndugu msomaji, wakala wako amekueleza nusu ya kweli, na amechagua ile nusu inayouzika. Ni kweli kwamba Katiba ya Argentina ya mwaka 1853, katika ibara ya 20, inampa mgeni haki ya tajnisi, yaani ya kupewa uraia kwa kuomba, akikaa nchini miaka miwili mfululizo, na kwamba sheria ya uraia ya mwaka 1869 ikaweka utaratibu wa kuitekeleza haki hiyo. Nusu aliyoiacha ni neno “mfululizo”. Kwa muda mrefu maombi haya yalisikilizwa na majaji wa mahakama za shirikisho, ambao hawakulipima neno hilo kwa mizani moja, na ndiyo maana baadhi ya waombaji waliokuwa wakitoka na kuingia walifanikiwa na wengine wakakataliwa. Mwezi Mei 2025 amri ya rais ilibadilisha mambo mawili kwa pamoja: kazi ya kupokea na kuamua maombi ilihamishiwa kwa idara ya uhamiaji, na miaka miwili ikafafanuliwa kuwa ni ya kukaa nchini bila kutoka kabisa. Mtu atakayefuata ushauri wa kuingia mara mbili kwa mwaka atakuwa amelipa ada, amepoteza miaka miwili, na hana hata siku moja inayomfaa katika hesabu.

Kabla sijazitaja nchi nyingine, niruhusu nikae kidogo kwenye jambo ambalo mawakala hulipita mbio. Anayeuliza “miaka mingapi?” kwa kawaida hupewa idadi moja, lakini safari ya uraia ina vipindi vitatu vinavyofuatana, na idadi hiyo huwa ni ya kipindi cha katikati peke yake. Kipindi cha kwanza ni cha kutafuta kibali cha aina ambayo sheria ya uraia inaitambua. Cha pili ni cha kuishi siku zinazotakiwa. Cha tatu ni cha kungoja uamuzi baada ya kuwasilisha maombi. Nchi yenye miaka miwili ya kuishi inaweza kukuchelewesha kabla yake au baada yake kuliko nchi yenye miaka minne.

Mfano mzuri ni Canada na Australia. Canada inadai siku 1,095 za kuwapo nchini, yaani miaka mitatu, ndani ya miaka mitano iliyotangulia maombi, na mwombaji awe tayari ni mkaazi wa kudumu. Siku alizokaa kihalali kabla ya kupata ukaazi wa kudumu, kwa mfano akiwa mwanafunzi au mfanyakazi wa muda, huhesabiwa nusu nusu, na jumla yake haiwezi kuzidi siku 365. Australia inadai miaka minne ya ukaazi halali, lakini katika hiyo ni miezi 12 ya mwisho tu ambayo ni lazima uwe mkaazi wa kudumu. Sasa chukua mtu aliyeingia kama mwanafunzi na akapata ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu. Huko Canada miaka yake mitatu inampa siku 365 tu, hivyo anabaki na siku 730 za kuishi, na jumla ni miaka mitano. Huko Australia amebakiza mwaka mmoja, na jumla ni minne. Nchi ya “miaka mitatu” imeshindwa na nchi ya “miaka minne”, na hakuna aliyevunja sheria wala kupendelewa.

Marekani ni kali zaidi katika kipindi cha kwanza: miaka mitano ya huko huanza kuhesabiwa siku unapokuwa mkaazi wa kudumu, na miaka uliyosoma au kufanya kazi kwa viza ya muda haiingii kabisa. Uingereza hutaka miaka mitano ya kuishi, kisha kwa wengi miezi 12 zaidi baada ya kupata ruhusa ya kukaa bila kikomo. Na katika miaka hiyo mitano usiwe nje zaidi ya siku 450, wala zaidi ya siku 90 katika mwaka wa mwisho. Kwa mtu wa kazi kama yako, ambaye huenda akashawishika kuishi mwezi huku na mwezi kule, masharti haya ya siku ndiyo yatakayokukamata. New Zealand, kwa mfano, hairidhiki na jumla ya siku 1,350 katika miaka mitano. Inataka pia zisipungue 240 katika kila mmoja wa miaka hiyo mitano, kwa hiyo mwaka mmoja wa safari nyingi hauwezi kufidiwa na miaka minne ya kutulia. Fungua daftari la safari tangu siku ya kwanza, uandike kila kutoka na kila kuingia, na tiketi usizitupe.

Tuje kwenye njia fupi zenyewe. Jamhuri ya Dominika hupokea maombi ya tajnisi baada ya miaka miwili ya ukaazi wa kudumu, nawe utahojiwa kwa Kihispania. (Usiichanganye na Dominica, kisiwa kingine kabisa chenye utaratibu mwingine, nimeona matangazo yanayozichanganya, na sidhani ni kwa bahati mbaya kila mara.) Paraguay, kwa Katiba yake ya mwaka 1992, inataka miaka mitatu, na mwenye kutoa uamuzi ni Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo. Uruguay inataka miaka mitatu kwa mwenye familia iliyoundwa huko na mitano kwa asiye nayo, hivyo wewe ungeangukia kwenye mitano. Brazil ni miaka minne kwa kanuni ya jumla, pamoja na kuweza kuwasiliana kwa Kireno. Lakini kwa raia wa nchi zinazozungumza Kireno, kama vile Msumbiji na Angola, Katiba yake inatosheka na mwaka mmoja wa kuishi mfululizo na mwenendo mwema.

Ulaya ina milango mifupi pia, ila haikuwekwa kwa ajili ya kila mtu. Hispania ni miaka 10 kwa wageni wengi, lakini ni miaka miwili kwa raia wa asili wa nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati zenye asili ya Kihispania au Kireno, Andorra, Ufilipino, Guinea ya Ikweta na Ureno. Ufaransa ni miaka mitano, nayo hupungua hadi miwili kwa aliyesoma na kukamilisha miaka miwili ya elimu ya juu katika chuo cha huko. Ujerumani ilipunguza muda wake hadi miaka mitano mwezi Juni 2024, ikaruhusu na uraia zaidi ya mmoja, na ikaongeza njia ya miaka mitatu kwa waliofanya vizuri sana katika lugha na kazi. Lakini njia hiyo ya mitatu ilifutwa Oktoba 2025, kabla hata ya kutimiza miaka miwili. Mwezi huohuo Bunge la Ureno nalo lilipiga kura ya kurefusha muda kutoka miaka mitano hadi 10 kwa wageni wengi. Nayataja haya mawili kwa sababu mtu aliyepanga maisha yake kwa kufuata idadi ya mwaka fulani anaweza kukuta lango limesogezwa akiwa katikati ya safari. Ukipata haki ya kuomba, omba. Usingoje mwaka upite.

Kwa hali uliyoieleza, ushauri wangu ni huu: ikiwa unaweza kweli kuketi Argentina miaka miwili bila kuvuka mpaka wowote, hata kwa harusi au msiba, basi ni njia fupi na halali. Ikiwa huwezi, chukua nchi yenye miaka mingi zaidi inayoruhusu safari, kwa sababu mwisho wa hesabu itakuwa ndiyo fupi.

Kuna swali moja ambalo hukuliuliza, nalo lilipaswa kuwa la kwanza: sheria ya nchi yako inasemaje? China, India na Japani hazikubali raia wao mtu mzima achukue uraia mwingine kwa hiari yake na abaki na ule wa kwanza. Tanzania nayo haina uraia pacha kwa watu wazima, ilhali Kenya iliuruhusu kwa Katiba ya mwaka 2010. Zipo pia nchi zinazodai kutoka upande wa pili, yaani hazikupi uraia wao mpaka uukane wa zamani. Austria ni mojawapo, na Hispania hudai hivyo kwa wote isipokuwa makundi machache, likiwemo lile nililolitaja la miaka miwili. Anayepoteza uraia wa kwanza hapati uraia wa pili, amebadilisha tu.

SWALI: Kaka Mshauri, nimeolewa na raia wa Brazil na tunatarajia kuhamia huko mwaka ujao, ambako pia natumaini kujifungua mtoto wetu. Mashemeji zangu wanasema nikifika tu nitapewa uraia kwa sababu ya ndoa. Je, nijiandae vipi?

JIBU: Dada yangu, hongera. Mashemeji wamekutakia heri, ila wamekimbiza mambo. Huko Brazil ndoa haitoi uraia papo hapo. Inakupa haki ya ukaazi kwa njia ya kuungana na familia, kisha inapunguza ile miaka minne hadi mmoja, kwa mujibu wa sheria ya uhamiaji ya mwaka 2017. Kuwa na mtoto Mbrazili kunapunguza vilevile, na mtoto atakayezaliwa katika ardhi hiyo atakuwa raia tangu kuzaliwa. Sharti ni kwamba wewe na mumeo msiwe mmetengana, iwe kisheria au kwa hali halisi ya maisha.

Hata kwingineko mambo ni hivyo hivyo: Hispania hutaka mwaka mmoja wa ndoa na wa kuishi huko kihalali, Uingereza miaka mitatu ya kuishi, na Marekani miaka mitatu ya ukaazi wa kudumu mkiwa mnaishi pamoja. Ndoa iliyofungwa kwa ajili ya karatasi peke yake, ikigundulika, huweza kufuta uraia hata miaka mingi baada ya kiapo.

Maandalizi yako ni mawili. La kwanza ni Kireno, na uanze sasa, kwa kuwa mwaka mmoja ni mfupi kwa mtu mwenye mtoto mchanga. La pili ni hati. Cheti cha kuzaliwa na cha ndoa vithibitishwe katika nchi vilikotolewa, kwa muhuri wa apostili (uthibitisho wa serikali unaoifanya hati itambulike ng’ambo) ikiwa nchi hiyo ni mwanachama wa Mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, au kupitia ubalozi ikiwa si mwanachama. Kisha vitafsiriwe na mfasiri anayetambuliwa kisheria huko uendako. Cheti cha polisi kionyeshacho kwamba huna rekodi ya uhalifu kichukue mwishoni, kwa maana huisha muda upesi. Na ulinganishe majina herufi kwa herufi. Jina la baba lililoandikwa kwa namna mbili katika hati mbili linaweza kulisimamisha faili kwa miezi, na kulisahihisha ukiwa ng’ambo ni kazi ngumu mno.

SWALI: Mshauri, mimi ni mzee mstaafu mwenye akiba ya kutosha. Sitaki kuhesabu siku. Je, kununua uraia si haraka zaidi?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Ni haraka zaidi, bila shaka. Saint Kitts na Nevis ilianza mpango huo mwaka 1984, na majirani zake kadhaa wa Karibi wakafuata. Leo kiwango cha chini cha mchango ni dola za Marekani 250,000 kwa Saint Kitts na 200,000 kwa Dominica, mbali na ada. Uturuki hutoa uraia kwa anayenunua nyumba au ardhi ya thamani ya dola 400,000 na kuahidi kutoiuza kwa miaka mitatu.

Angalia, hata hivyo, unanunua nini hasa. Wengi huinunua pasipoti kwa ajili ya nchi nyingine inazozifungua, na hizo hazifungwi na ahadi ya muuzaji. Umoja wa Ulaya uliifuta kabisa ruhusa ya raia wa Vanuatu kuingia bila viza mwezi Desemba 2024, na sababu yake ilikuwa ni uuzaji huo wa uraia. Mwezi Aprili 2025 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba mpango wa Malta unakiuka sheria ya Umoja, na Malta ikauacha. Ukiamua kuendelea, anza kwa kukusanya hati za chanzo cha fedha zako: stakabadhi za pensheni, mauzo ya mali, taarifa za benki za miaka ya nyuma. Usilipe hata amana kwa wakala asiyekuwamo katika orodha ya mawakala walioidhinishwa na serikali husika, orodha ambayo serikali za Karibi huitangaza wazi.