Theluji yangu inatoka kama saruji, na rangi zinaganda

SWALI

Shikamoo mwalimu. Mimi ni wa Tanga, sasa naishi Oulu, Finland, huu mwaka wa pili. Nachora kwa rangi za maji. Nyumbani nilikuwa nachora minazi, ngalawa na watu wa sokoni, na sikuwa mbaya. Theluji imenishinda. Nikichanganya nyeupe na nyeusi kidogo nipate vivuli, picha nzima inakuwa kama sakafu ya saruji. Nikitoka kuchora nje, maji yanaganda kwenye brashi na karatasi inajaa michirizi kama manyoya ya ndege. Rafiki yangu Mfini anasema nitie vodka kwenye maji, lakini pombe siingizi nyumbani kwangu. Kuna njia nyingine? Na ninunue nyeupe ya aina gani?

JIBU

Marahaba, dada. Mimi nafundisha rangi za maji Umeå, Sweden, ng'ambo ya Ghuba ya Bothnia, kwa hiyo hiyo baridi yako naijua. Nianze na swali la mwisho, maana ndilo linaloharibu picha: usinunue nyeupe yoyote. Nyeupe unayo tayari, ni karatasi. Na ile nyeusi iondoe kabisa kwenye paleti.

Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga unaoipiga, tena hurudisha rangi zote za mwanga karibu sawasawa. Kwa hiyo haina rangi yake ya kukuonyesha. Inakuonyesha rangi ya kile kinachoimulika. Palipopigwa na jua la chini, lililopenya hewa nyingi kabla ya kufika, theluji ni ya manjano hafifu, na jioni huwa hata ya waridi. Jua likizibwa, kinachobaki kumulika ni anga. Anga ya siku safi ni ya buluu, basi na kivuli ni cha buluu. Mchanga wa pwani nao hupata buluu hiyohiyo kivulini, ila ukahawia wake huimeza, ndiyo maana Tanga jambo hili halikukusumbua. Ukitia nyeusi kwenye nyeupe unapata kijivu ambacho hakikutoka kwenye mwanga wowote uliokuwepo pale. Mtazamaji anaona saruji, na ana haki.

Shida ni kwamba ubongo unajua theluji ni nyeupe, na unakulazimisha uione nyeupe hata kivulini. Chukua kadi ya kijivu, toboa matundu mawili madogo yenye nafasi ya vidole vitatu kati yake, unyooshe mkono, kisha elekeza tundu moja kwenye theluji ya juani na jingine kwenye ya kivulini. Funga jicho moja. Utashangaa jinsi tundu la pili lilivyo la buluu, na jinsi lilivyo na giza kuliko ulivyodhani. Fanya hivyo kabla ya kugusa brashi, kila mara, mpaka uizoee.

Kisha itafute picha ya mchoraji Mfaransa Claude Monet iitwayo La Pie, aliyoichora Normandy, Ufaransa, majira ya baridi ya 1868–69. Ni uzio wa fito uliofunikwa na theluji, vivuli vyake vya buluu vimelala mbele, na juu ya lango ametua ndege wa jamii ya kunguru, haohao harakka unaowaona Oulu. Salon ya Paris ya 1869, maonyesho makubwa ya sanaa ya wakati huo, iliikataa. Tazama giza kali lilivyowekwa: ndege ni doa dogo tu, na doa hilo ndilo linaloifanya theluji yote ing'ae. Wewe umesambaza giza lako kila mahali, halina tena la kufanya.

Kwa vivuli vya siku ya jua, tumia ultramarini, ile buluu iliyokolea, yenye maji mengi. Chembe zake hushikamana na kutuama kwenye vishimo vya karatasi yenye uso wa kukwaruza, kwa hiyo unapata umbile la theluji bila kulihangaikia. Ikiwa buluu inapiga kelele, itulize na siena ya kuchomwa, ile kahawia yenye wekundu, kidogo sana. Hizo mbili zikichanganywa kwa wingi hutoa giza zuri la mashina na mawe, hivyo ile nyeusi hutaikumbuka. Siku ya mawingu mambo ni tofauti: mwanga unatoka kila upande, vivuli karibu havipo, na mara nyingi anga ya chini kule mwishoni huonekana nyeusi kuliko theluji yenyewe. Hapo ipake anga rangi ya kijivu ya mchanganyiko huohuo, uiache theluji ikiwa karatasi tupu. Wanaoanza hufanya kinyume, na picha inaanguka.

Sasa twende kwenye kivuli chenyewe, maana kwa maoni yangu nusu ya ufundi wa kuchora kaskazini imo humo. Tanga, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 61 hivi mwaka mzima; fimbo ya mita 1 inatoa kivuli cha nusu mita na kidogo, basi. Oulu mnamo Desemba 21 jua la adhuhuri halifiki hata nyuzi 2 juu ya upeo. Fimbo ileile, mahali tambarare, inatoa kivuli cha takriban mita 30. Kwa hiyo huku kivuli si kitu cha kumalizia chini ya mti. Kinavuka picha nzima, kinapanda kila tuta na kushuka kila bonde, na bila hicho theluji haina umbo hata kidogo. Usikichore kwa mstari ulionyooka. Kifuate kinavyopinda, kwa sababu kupinda kwake ndiko kunakomwambia mtazamaji kwamba pale pana mwinuko.

Nenda ufukwe wa Nallikari hapo Oulu siku ya jua, simama karibu na msonobari mmoja, utazame ukingo wa kivuli cha shina. Karibu na mti ukingo ni mkali kama umekatwa kwa wembe. Tembea nacho: mita 10 mbele ukingo huo umetawanyika, una upana wa karibu sentimita 9. Jua si nukta, ni duara lenye upana wa nusu digrii machoni petu, kwa hiyo kadiri kivuli kinavyokwenda mbali ndivyo kingo zinavyolainika. Kwenye karatasi unafanya hivi: lowanisha kwa maji safi sehemu ya mwisho wa kivuli, acha sehemu ya karibu na shina ikiwa kavu, subiri ule mng'ao wa maji upungue, halafu anza na brashi iliyojaa pale pakavu na uvute kuelekea penye unyevu. Mkono mmoja, bila kurudi nyuma. Ukali na ulaini vinapatikana kwa mvuto huo huo. Ukijaribu kuulainisha ukingo baadaye utapata matope.

Kuna buluu nyingine isiyotokana na anga. Chomeka fimbo kwenye theluji yenye kina, uitoe, uchungulie ndani ya shimo: buluu yake ni ya barafu yenyewe, kwa sababu mwanga ukisafiri ndani ya barafu hupoteza wekundu kwanza. Hiyo huelekea kwenye kijani kidogo. Itumie kwenye nyufa na mashimo tu.

Na miti ya koivu, ile yenye gome jeupe, usiiache nyeupe. Weka macho kwenye gome lake mbele ya theluji ya juani: ni rangi ya krimu, upande wa pili ni kijivu cha zambarau, na yale makovu meusi hayalingani hata mawili. Mwezi Machi tazama matawi ya juu kwa mbali. Vijiti na machipukizi yake yanalifanya kundi zima la miti kuwa na ukungu wa zambarau. Machi ndio mwezi wako wa kujifunzia. Theluji bado ipo, jua la adhuhuri limefika nyuzi 25, kivuli cha ile fimbo ni mita 2 na kitu, na unaweza kukaa nje bila kulia. Desemba chora ile saa ya buluu baada ya jua kuzama: paka karatasi yote ultramarini nyepesi, acha madirisha ya nyumba tu, uyape manjano mwishoni.

Kuhusu kuganda. Maji yakiganda juu ya karatasi, fuwele za barafu hukua kwa matawi na kusukuma chembe za rangi pembeni; hayo ndiyo manyoya uliyoyaona. Wapo wachoraji wanaoyatafuta kwa makusudi, na mimi siwalaumu, lakini kama hukuyataka ni balaa.

Vodka haina maajabu. Sehemu moja ya vodka ya kawaida, ya asilimia 40, kwa mbili za maji inakupa kitu chenye asilimia 13 hivi, ambacho huganda kwenye nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Kwa Oulu hiyo ni siku ya joto. Ukitaka kufika nyuzi 15 chini ya sifuri unakaribia kuinywesha karatasi vodka tupu, na hapo gundi ya rangi inaanza kugoma, kwa sababu gundi ya mgunga, ile ile inayovunwa Sudan, haiyeyuki kwenye pombe. Kwa hiyo kwa kuikataa hujapoteza kitu kikubwa. Chumvi nayo achana nayo, inaacha mabaka na kutia kutu brashi. Gliserini hufanya rangi isikauke. Wala usikimbilie rangi za akriliki: chini ya nyuzi 10 hivi utando wake haushikani vizuri.

Mimi ningefanya hivi. Nje ni pa kutazama, nyumbani ni pa kupaka. Toka na penseli laini, daftari dogo la karatasi ya pamba ya gramu 300 kwa mita ya mraba, na penseli za rangi zinazoyeyuka majini. Hizo unachora kavukavu, kisha unazilowanisha ukifika jikoni kwako. Andika pembeni maneno mafupi: jua lilikuwa upande gani, saa ngapi, kivuli kina giza kiasi gani kwa kipimo cha 1 hadi 10. Kipimo hicho kitakusaidia kuliko picha ya simu, kwa sababu simu hujaribu kuisawazisha buluu ya kivuli na kukurudishia kijivu chako cha zamani. Ukiwa na hamu sana ya maji, beba chupa ya chai yenye maji ya moto, mimina kidogo kidogo kwenye kikombe, na uchore kwenye karatasi ya ukubwa wa postikadi, siyo zaidi.

Ukipata nafasi ya kwenda Helsinki, ingia Ateneum, jumba la makumbusho ya sanaa, utazame maporomoko ya Imatra majira ya baridi, yaliyochorwa na Mfini Akseli Gallen-Kallela mwaka 1893. Huyo alisafiri njia yako kinyume: mwaka 1909 alihamia Kenya na familia yake, akachora huko kwa rangi kali ambazo Finland hakuwa amezitumia. Nakutajia si kwa sababu ya ujirani tu. Imatra utajionea ni rangi ngapi mtu anaweza kuzitia kwenye kitu ambacho sisi tunakiita cheupe.

Jambo la mwisho, ambalo watu hulisahau: kabla ya kuingia ndani, funga daftari kwenye mfuko wa plastiki na uliache humo mpaka lipate joto la nyumba. La sivyo unyevu wa ndani unatua juu ya karatasi baridi na penseli zako zinayeyuka zenyewe. Kama kuna rangi iliyoganda juu ya karatasi, iweke karatasi mlalo rangi inapoyeyuka, wala usiielekezee mashine ya kukaushia nywele.