Umaskini ndio ulioihifadhi Lavenham

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mtu aliyekwisha kuiona London akipata siku za ziada Uingereza, aende wapi? Najua wengi watasema Manchester, kwa sababu ya mpira, na wengine Oxford. Mimi naishi Colchester, na jibu langu liko kaskazini ya hapa, ng'ambo ya mto Stour: kaunti ya Suffolk. Hasa vile vijiji vya sufu vya upande wa magharibi, Lavenham, Kersey na Long Melford.

Lavenham leo haina hata watu elfu mbili. Lakini kodi ya mfalme ilipokusanywa mwaka 1524, ilihesabiwa kati ya miji ishirini tajiri kupita yote England. Utajiri huo ulitokana na kitambaa kizito cha sufu kilichotiwa rangi ya buluu. Matajiri wenyewe hawakufuma. Waliwagawia sufu wasokotaji na wafumaji majumbani mwao, wakakusanya vitambaa na kuviuza mpaka ng'ambo ya bahari. Ulikuwa mtandao mpana, na ukiguswa mmoja walitikisika wote. Mwaka 1525 mfalme Henry VIII alidai mchango wa vita vyake na Ufaransa. Wenye vitambaa wakasema hawana tena cha kuwalipa wafanyakazi, na maelfu ya watu wakakusanyika Lavenham kupinga. Mfalme aliuacha mchango huo.

Kisha biashara ikafa. Kabla karne ya 16 haijaisha, wakimbizi kutoka nchi za Waholanzi walikuwa wameanza kufuma hapa Colchester vitambaa vyepesi na vya bei nafuu, na soko likawafuata. (Wenyeji wa Lavenham wakijua natoka wapi, huwa wananikumbusha kwa utani.) Na hapa ndipo ilipo siri ya mahali penyewe: mji mwingine ungebomoa nyumba za mababu na kujenga za matofali kulingana na mtindo mpya, lakini Lavenham haikuwa na fedha. Watu wakaendelea kuishi katika nyumba zilezile, wakizibaziba. Ukumbi wa chama cha kidini cha Corpus Christi, uliojengwa karibu mwaka 1530 pale sokoni, umepitia kazi za kila aina, ukawa gereza, ukawa nyumba ya maskini, ukawa ghala. Sasa unatunzwa na National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, na unaweza kuingia kuutazama.

Zitazame kuta kwa makini. Suffolk haina mawe mazuri ya kujengea, kwa hiyo nyumba zilisimamishwa kwa nguzo na maboriti ya mwaloni, na nafasi za katikati zikajazwa fito na kukandikwa udongo, kisha juu ikapakwa chokaa. Msomaji wa Tanga au Kilwa hahitaji kueleweshwa ufundi huo. Kinachomshangaza kila mgeni ni jinsi nyumba zilivyopinda, nyingine kama zimeegemeana zisianguke. Mwaloni mkavu ni mgumu mno kuchonga, basi mafundi waliutumia ukiwa mbichi, nao ukajipinda ulipokuwa unakauka ndani ya ukuta. Zimesimama hivyo kwa karne tano, kwa hiyo usiogope kupita chini yake.

Kersey ni kijiji kidogo zaidi, barabara moja tu inayoteremka bondeni na kupanda tena, na pale chini kijito kinakatiza juu ya barabara. Magari hupita majini na bata hawana haraka ya kupisha. Nusu saa inatosha.

Long Melford ipe muda zaidi. Kanisa lake, Holy Trinity, lilikamilika miaka ya 1480, fedha za sufu zilipokuwa bado zinamiminika. Kwa nje, juu ya madirisha, wamechonga majina ya waliochanga, herufi zikizungukwa na vipande vyeusi vya jiwe la gumegume, pamoja na ombi kwamba waombewe. Aliyetoa alitaka ajulikane mbinguni na sokoni pia. Kwangu mimi hili ni kanisa zuri kuliko lile la Lavenham, ingawa la Lavenham lina mnara wa mita 43 unaoonekana kutoka mbali. Kati ya vijiji hivyo viwili kuna njia ya miguu, maili nne hivi, na sehemu yake inapita ilipokuwa reli ya zamani. Mvua ikiwa imenyesha, vaa gambuti.

Nitaongeza pwani kidogo, maana huko mambo yalikwenda kinyume. Dunwich ilikuwa bandari kubwa ya zama za kati. Dhoruba za mwaka 1286 na 1328 zikavuruga bandari, na bahari imeendelea kula ukingo wa pwani tangu hapo. Kijiji kilichobaki kiliendelea kupeleka wabunge wawili London mpaka mageuzi ya Bunge ya mwaka 1832. Kanisa la mwisho la zamani, All Saints, liliporomoka vipande vipande kutoka ukingoni, na mnara wake ukaanguka mwaka 1919. Wenyeji husema kengele husikika chini ya maji. Mimi nimesikia upepo. Aldeburgh nako, ukumbi wa baraza wa karne ya 16 uliokuwa katikati ya mji sasa umebaki karibu kabisa na ufuko.

Kuhusu usafiri: treni itakufikisha Sudbury, ukibadilisha Marks Tey. Kutoka hapo ni mabasi, nayo ni machache, hasa Jumapili, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujatoka nyumbani. Makanisa haya kwa kawaida huwa wazi mchana bila kiingilio. Kuna kisanduku cha sadaka mlangoni. Chai ya Lavenham ni ghali. Kunywa Sudbury.

Msomaji wenu, Colchester